Jibu la Damu ya Limi

Vita vya Kagera vilipoanza, Paskazia Ildefons alikuwa na miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili. Mwishoni mwa mwaka 1978 watu wa ng'ambo ya mto Kagera walikimbilia kusini na magodoro kichwani na watoto mgongoni, na wengine wakapiga kambi kwenye uwanja wa shule moja ya msingi upande wa Kanazi. Masomo yalisimama, wanafunzi wakagawanywa makambini. Paskazia akaangukia hapo.

Watoto wa kambi ile walikuwa wanakufa kwa kuhara. Tangu asubuhi Paskazia alichanganya maji na chumvi na sukari, akawanywesha kwa kijiko, mmoja baada ya mwingine. Mtoto akipata nafuu alimrudisha kwa mama yake, na baada ya siku tatu alimwona analetwa tena, macho yamedidimia. Katika wiki moja walizika watoto kumi na mmoja.

Ndipo alipofika bwana afya mmoja wa makamo aliyeitwa Karugendo, mtu wa maneno machache, aliyevaa mabuti ya mpira hata jua linapowaka. Hakumgusa mgonjwa hata mmoja. Alizunguka kambi yote kwa miguu, akauliza kila familia inachota maji wapi, akaandika. Kesho yake aliwakusanya wanaume wakachimba vyoo chini ya mteremko, akaziba kwa miiba njia ya kwenda kwenye kijito kimoja, na akasimamisha mapipa ya kuchemshia maji. Hazikupita wiki mbili, watoto wakaacha kufa. Paskazia alimfuata kumuuliza alijuaje kwamba ubaya uko kwenye kijito kile.

"Wewe ulikuwa unamwangalia mtoto," Karugendo alimwambia. "Na ni sawa, mtu lazima amwangalie. Mimi nilikuwa naangalia wote wametoka wapi."

Vita viliisha, Paskazia akamaliza chuo na kupangiwa wodi ya hospitali wilayani Muleba, si mbali na kibanja cha baba yake cha ndizi na kahawa karibu na Rubya. Alikuwa muuguzi mzuri. Wagonjwa walimpenda kwa sababu hakuwa na haraka, na kwa sababu aliongea nao Kihaya cha nyumbani hata pale madaktari walipozungumza Kiingereza juu ya vichwa vyao.

Kisha, kuanzia mwaka 1983, wakaanza kuletwa vijana ambao hakuna aliyejua wanaumwa nini. Walikuwa watu wa biashara, wenye nguvu, waliovuka mpaka kwenda Uganda na kurudi na mashati ya kung'aa yaliyoitwa Juliana. Watu wakauita ugonjwa wenyewe Juliana. Walikonda, wakaharisha miezi, wakafa. Mmoja wao alikuwa Nathanieli, kaka yake Paskazia wa tumbo moja. Alimuuguza nyumbani miezi saba, akamzika kando ya migomba, na mwaka uliofuata akamzika mke wa Nathanieli hapo hapo. Mama yake, Petronila, alikuwa akimuuliza kila jioni kama hospitalini wameshajua dawa. Baadaye akaacha kuuliza.

Mwaka 1988 timu ya utafiti ilifika wilayani ikitafuta wauguzi wa kuisaidia. Walitaka kujua ugonjwa, ambao sasa ulikuwa umepata jina la ukimwi, umeenea kiasi gani kwenye visiwa vya ziwani. Paskazia alichaguliwa kwa kuwa alikuwa na mkono mwepesi wa kutoa damu na Kiswahili kilichonyooka, maana visiwani kulikuwa na Wasukuma, Wakerewe, Wajita na Wahaya wamechanganyika, na Kihaya peke yake kisingemfikisha popote. Waliondoka bandari ya Kemondo kwa boti, wakashuka kwenye mwalo mmoja wa kisiwa cha Bumbire, kambi ya wavuvi yenye vibanda vya matete na vichanja vya kukaushia samaki.

Limi alikuwa wa nne kwenye foleni. Alikuwa mwanamke Msukuma, mnene wa wastani, mwenye kicheko cha karibu. Alinunua sangara kwa wavuvi, akawakausha, akawapeleka kuuza Kemondo. Mume wake, Mayunga, alikuwa mvuvi wa kambi hiyo hiyo, na walikuwa na binti mmoja wa miaka miwili. Paskazia alimfunga mpira mkononi, akapata mshipa mara ya kwanza, akabandika namba kwenye kichupa.

"Mtanirudishia lini?" Limi aliuliza.

Paskazia alidhani anaulizia damu yake, akaanza kumweleza kwamba mwili hutengeneza nyingine. Limi akacheka. Akasema damu wachukue, yeye anataka jibu lake.

Paskazia akaahidi kuuliza, na kweli aliuliza, jioni ile ile. Mkuu wa utafiti alikuwa mtu mwema na alimjibu kwa upole. Majina yalikuwa kwenye daftari moja, namba na majibu kwenye jingine, na madaftari yote mawili yatafungiwa mjini. Hakuna dawa, alisema. Ukimwambia mtu anakufa, na huna cha kumpa, umemsaidia nini? Kazi yao ilikuwa kujua ukubwa wa moto, si kugonga mlango wa kila nyumba.

Miezi sita baadaye walipita tena kwenye mwalo ule. Limi alishuka mpaka majini, akampa samaki wawili wakavu waliofungwa kwa kamba ya mgomba.

"Dada, mlivyokaa kimya nimeelewa," alisema. "Kungekuwa na ubaya mngeniambia."

Paskazia alishika samaki. Alijua kwamba kimya chao hakikuwa na maana hiyo, wala maana nyingine yoyote, na kwamba ilimpasa kusema hivyo sasa, kabla mwanamke huyu hajageuka. Lakini alikuwa amekula kiapo cha kazi, jibu lenyewe hakulijua, na wenzake walikuwa wanamwita kwenye boti. Akasema asante. Walipofika Kemondo, samaki wale aliwagawa bandarini.

Jambo hilo lilimkaa. Hakuwa mtu wa kulalamika, ila alianza kuuliza wenzake maswali ambayo muuguzi wa wodi hakutarajiwa kuuliza: nani huamua utafiti ufanywe namna gani, nani anakaa kwenye kikao hicho, amesoma nini. Daktari mmoja alimwambia waziwazi kwamba wanaokaa huko wengi wamesomea afya ya jamii chuo kikuu. Paskazia akaomba ruhusa ya kwenda kusoma. Ilimchukua kwanza miaka miwili ya stashahada ya juu, ndipo chuo kikuu Dar es Salaam kikampokea kwa masomo hayo, akiwa na miaka thelathini na mitatu.

Baba yake, mzee Ildefons, alikuwa anageuza kahawa kwenye mkeka aliposikia habari hiyo. Hakupendezwa. Kama ni kusoma tena, kwa nini asisome udaktari, ili siku moja awe na chumba chake na wagonjwa wake? Hiyo afya ya jamii, alitaka kujua, inamtibu nani?

"Tata, sitakuwa na mgonjwa wangu peke yangu," Paskazia alisema. "Nitakuwa na Muleba yote."

Mzee aligeuza kahawa mpaka mwisho wa mkeka. Kisha akasema kwamba Nathanieli naye alikuwa mmoja wa hiyo Muleba yote, basi aende.

Chuoni Paskazia alikuwa mkubwa kuliko karibu wote darasani. Takwimu zilimtesa. Alikaa maktaba na mahesabu ya uwezekano, akikosea na kufuta, mpaka siku moja alipofungua jedwali la vifo vya watu wazima mkoani Kagera na kuona kwamba anaweza kulisoma. Palikuwa na mstari wa wilaya yake. Palikuwa na safu ya wanaume wa umri wa Nathanieli. Alifunga kitabu akatoka nje, akasimama karibu na bomba la maji kwa muda, kisha akarudi akaendelea kusoma.

Katika somo la maadili ya utafiti, alisimulia habari za Limi bila kumtaja jina. Darasa liligawanyika. Burhani, kijana wa Tanga mwenye akili kali ya hesabu, alishikilia kuwa mkuu wa utafiti alifanya sawa. Alistidia, binti wa Karagwe, alisema damu ya mtu ni yake na habari iliyomo ni yake. Mhadhiri aliwaacha wabishane, mwishowe akamwambia Paskazia kwamba hapo ameshapata mada ya tasnifu. Ndiyo aliyoandika. Aliwahoji watu mia mbili kama wangetaka kujua jibu lao hata kama dawa haipo. Wengi walitaka, na sababu walizotoa hazikuwa za hospitali: kuamua kuzaa au kutozaa, kugawa shamba, kumpeleka mtoto kwa bibi yake mapema.

Walipomaliza, mwaka 1994, kila mmoja alishika njia yake. Burhani alichukuliwa wizarani kwenye kitengo cha takwimu. Wengine walikwenda kwenye miradi ya maji, chanjo na malaria, na mmoja alibaki chuoni kufundisha. Mwaka huo huo wakimbizi wa Rwanda walimiminika Ngara, na mashirika ya nje yakawa yanatafuta watu wa afya ya jamii kwa udi na uvumba. Alistidia alienda huko na akamwandikia Paskazia aje haraka, kazi ipo, gari lipo, na mshahara ambao wilaya haiwezi kuuota. Paskazia aliisoma barua ile mara mbili. Aliijua kambi ya wakimbizi ni nini, na alijua anahitajika. Lakini aliandika kwamba ana deni la maneno kisiwani, akaripoti Muleba kuwa mratibu wa ukimwi wa wilaya, ofisi yenye meza moja na baiskeli.

Ilimchukua mwaka mzima kupata kibali cha kupima watu na kuwarudishia majibu, wakizungumza nao kabla na baada ya kuwapima. Kabla ya kwenda Bumbire aliomba kwa maandishi afunguliwe madaftari ya zamani. Aliweka moja kando ya jingine, akafuata jina hadi namba, namba hadi jibu. Limi alikuwa na virusi tangu mwaka 1988.

Alipofika kwenye mwalo hakumkuta. Alimkuta Mayunga ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anashona wavu, na binti yake, sasa wa miaka tisa, akimshikia uzi. Mayunga alimkumbuka. Alimweleza kwa sauti ya kawaida kwamba Limi alifariki miaka miwili iliyopita. Kabla ya hapo walikuwa wamezaa mtoto mwingine, wa kiume, ambaye hakufika hata mwaka. Kisha akamtuma binti kuchota maji, na alipokuwa ameenda mbali ya kutosha akauliza alichotaka kuuliza.

"Alikuwa nao tangu siku ile mlipomtoa damu?"

Paskazia angeweza kusema hajui. Hakuna ambaye angemwuliza tena.

"Alikuwa nao," alisema. "Ilikuwa imeandikwa. Mimi sikuisoma mpaka juzi, lakini ilikuwa imeandikwa."

Mayunga aliendelea kushona. Alimaliza tundu lote, akakata uzi kwa meno. Akasema kwamba yule mtoto wa kiume wasingemzaa. Hilo tu. Paskazia alisema anajua, na kwamba amekuja kumwomba radhi Limi, akachelewa, basi anamwomba yeye. Mayunga hakusema amesamehe wala hajasamehe. Waliketi hapo mpaka binti aliporudi na ndoo.

Kesho yake turubai la kupimia liliposimamishwa, hakuna aliyekaribia. Wavuvi walisimama mbali, mikono mifukoni. Mayunga alipita katikati yao akaingia, akakunja shati. Baada yake wakaingia wengine, mmoja mmoja.

Majibu yalirudi baada ya wiki mbili, na Paskazia aliyapeleka mwenyewe. Mayunga naye alikuwa nao. Alilisikiliza jibu lake kwa utulivu mkubwa, akauliza ana muda gani. Paskazia akamwambia ukweli, kwamba hajui, pengine miaka kadhaa akijitunza. Mayunga akasema inatosha. Mwezi uliofuata aliuza wavu na sehemu yake ya mtumbwi, akampeleka binti Sengerema kwa mama yake Limi, akakaa naye huko mpaka alipozoea.

Mara moja baadaye alipita Muleba. Alipanga foleni na wengine nje ya ofisi ya Paskazia, amekonda, na zamu yake ilipofika aliingia akamwambia kwamba mtoto ameanza shule huko na anamwita bibi yake mama. Alikunywa chai aliyokaribishwa, akaondoka kuwahi boti ya Kemondo. Alifariki mwanzoni mwa mwaka 1998, na habari ilimfikia Paskazia kupitia wachuuzi wa samaki.

Siku hizo Paskazia alikuwa tayari na wasaidizi wanne aliowafundisha mwenyewe, wawili kati yao vijana wa visiwani. Aliwapa karibu kila kazi: kuhesabu, kuandika taarifa, kusimama mbele ya vikao vya wilaya. Bahasha za majibu hakuwaachia. Kila mwezi alizifunga kwenye mfuko wa nailoni zisilowe, akashuka Kemondo, akavuka nazo.