Shahidi Aliyenitukana

Mimi shule niliishia darasa la nne, na sioni aibu kulisema. Majiko ya mkaa yanayopikia nusu ya mji huu wa Morogoro yametoka mkononi mwangu, au mikononi mwa mafundi niliowafundisha mimi. Nina karakana, nina lori, nina nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo wageni hupotea ndani yake wakitafuta choo. Lakini nyumba ninayopenda kuisimulia si hiyo niliyoijenga. Ni ile ya kupanga, nyumba ya mji, vyumba viwili na ua wa nyuma, niliyoipigania wakati wa Ujamaa mpaka nikaipata, na shahidi wangu alikuwa bibi mmoja wa Kiluguru aliyenitukana mbele ya Serikali.

Nilikuwa kijana, mke wangu ana mimba ya kwanza, tunakaa chumba kimoja cha kupanga huku chini ya mlima. Mwenye nyumba hakuwa mtu mbaya. Binti yake aliachika kule Dumila, akarudi na watoto, na baba mtu akaniita kwa upole: "Kijana wangu, masika yakiisha nitakihitaji kile chumba." Ningemjibu nini? Damu ni damu.

Vyumba mjini havikuwepo. Saruji tuliisikia kwenye redio tu. Wafanyakazi wa viwandani walikuwa na nyumba za kazini, walimu walikuwa na za shule. Mimi nilikuwa nafua mapipa ya mafuta kuwa majiko chini ya mwarobaini, nayapeleka kuuza Mikese barabarani, na mwarobaini haumpi fundi nyumba. Tena wakati ule mtu asiye na makazi mjini alihesabiwa mzururaji, na mzururaji alirudishwa kijijini akashike jembe. Kwa hiyo kwangu ilikuwa mawili: nyumba, au nifunge nyundo zangu kwenye gunia nikaanze upya nisikokujua, na mke ana tumbo.

Nikasikia mji una nyumba za kupangisha wananchi. Nikavaa shati langu la Idi, nikaenda.

Afisa wa nyumba alikuwa kijana wa makamo yangu, mtu wa mbali, wa huko ziwani magharibi. Alikuwa mtu wa haki, hilo namsifu hadi leo. Hakula rushwa hata ya ndizi, na kwa shida niliyokuwa nayo nilitamani angekula kidogo.

"Ndugu, kwenu wapi?" akaniuliza.

Nikatoa kifua mbele. "Mimi Mnyamwezi, ndugu. Mnyamwezi wa Tabora. Babu zangu wamebeba mizigo ya watu mpaka pwani kwa miguu!"

"Vizuri," akasema. "Na Tabora nako kuna mji. Kaombe nyumba huko."

Mdomo wangu huu umenipa mali, lakini siku ile uliniponza. Ikabidi nianze kujieleza upya, kwamba Morogoro nililetwa mgongoni mwa mama, baba akija kukata mkonge, kwamba Tabora kwenyewe sijawahi kukutia machoni. Nikamwonyesha barua ya balozi wa nyumba kumi.

"Balozi anasema unalala kwake," akasema. "Kulala si kuwa mtu wa hapa. Wapo wanaoshuka basi asubuhi, jioni wana barua ya balozi. Niletee mwenyeji, mtu aliyezaliwa hapa, aje aseme kwa mdomo wake kwamba anakutambua."

Nikatoka nacheka. Mwenyeji tu? Nilikuwa naye, tena wa mlimani hasa, bibi mmoja muuza magimbi sokoni. Mumewe alipofariki, mimi ndiye niliyefanya kazi ya mtani pale msibani. Maana Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipopita hapa na mizigo wakapewa maji na matusi. Nani angenitambua kuliko yeye?

Nikamweleza shida, akafunga magimbi yake, akanifuata mpaka ofisini bila kuuliza.

"Bibi," afisa akasema, "unamfahamu huyu?"

Bibi akanitazama kuanzia kwenye ndara, akapanda taratibu mpaka usoni.

"Huyu? Huyu simjui. Huyu ni mzigo. Wenzake walichoka nao njiani, wakaona hauna faida kufika pwani, wakautupa. Mimi nimeuokota tu. Kama Serikali inamtaka, imchukue. Ila nyumba msimpe, atauza milango."

Mimi nikacheka. Afisa hakucheka. Aliinama akaandika, halafu akanisomea: shahidi hamtambui mwombaji, na anatoa angalizo kuhusu milango. "Maombi yako yamekataliwa, ndugu."

Tulipofika nje nikashika kichwa. "Bibi, umeniua!"

"Nimekuua nini? Si nimekuja?"

"Yule mtu ni mgeni, hajui utani wetu. Rudi umwambie unanijua. Mwambie mimi mtu mwema, fundi mzuri, nina heshima."

Wallahi, nilimwona anashtuka kama niliyemwambia avue nguo barabarani.

"Nikusifu? Mimi nikusifu wewe? Mtani anasifiwa? Nikikaa mbele ya watu nikasema huyu mtu mwema, nimeukata utani. Umekuwa mtu baki. Siku nikifa nani atakuja kunifanyia fujo? Nizikwe kimya kama mbuzi?" Akajitwika ungo wake. "Mkeo namhurumia. Lakini hilo usiniombe."

Na alikuwa sahihi, hilo ndilo lililoniuma. Hata mimi nisingethubutu kumwambia mtu kwamba bibi yule ana moyo mzuri, ingawa alikuwa nao. Nimtafute mwenyeji mwingine? Niliwafikiria wote. Wale walionijua kwelikweli walikuwa watani zangu, wangenipaka matope zaidi yake. Wale wasio watani walinijua kwa majiko tu.

Nikamsimulia mke wangu. Alikuwa anachambua mchele, hata hakuinua kichwa. "Nenda tena," akasema.

Basi mimi bati likikataa kukunjika siliachi. Naligeuza, nalipiga upande wa pili. Kesho yake nikaenda kukaa kwenye benchi la nje ya mlango wa afisa. Akaniambia ameshaamua. Nikasema sawa, ndugu, mimi napumzika tu. Siku iliyofuata nikawa napumzika tena. Akija asubuhi, "Habari za asubuhi, ndugu." Akienda kula, "Chakula chema, ndugu." Akirudi, "Karibu, ndugu." Mvua ikinyesha nasogea, ikiacha narudi. Tarishi wa ofisi, mzee wa Kiluguru, alikuwa akipita ananirushia neno: "Mnyamwezi, umechoka kubeba mizigo, sasa unabeba benchi?" Namjibu, "Nyie watu wa mlimani kubeba mtajulia wapi? Viazi vyenu mkivichimba vinabingirika vyenyewe mpaka sokoni!" Afisa ndani anasikia yote.

Mwishowe akafungua mlango. "Mlete yule bibi. Ni mara ya mwisho. Na aseme ukweli, asicheze na Serikali."

Bibi akaja. Safari hii sikungoja aulizwe. Nikajua kumwomba aseme vizuri ni kazi bure, basi kama ni matusi, yamwagike yote pale mezani afisa ayaone yanavyokwenda na kurudi.

"Huyo amefika," nikasema. "Ametembea anayumba. Mtu wa mlimani mkimweka kwenye tambarare anaanguka, amezoea kushikilia nyasi."

"Kelele, mpagazi!" bibi akajibu. "Bega lako moja liko chini tangu kwa babu yako. Mkeo anapata shida, hajui alalie upande gani."

"Analalia upande usio na harufu ya magimbi."

"Magimbi hayo ndiyo yaliyokukuza! Ulikuja hapa na tumbo kama ngoma, unalamba chungu changu mpaka nikadhani nimefuga paka."

Tarishi alikuwa ameshikilia mlango anacheka bila sauti. Binti mpiga chapa ameficha uso nyuma ya mashine. Afisa akapiga meza. "Jamani! Hii ni ofisi!"

Tarishi akafuta macho. "Samahani, ndugu afisa. Hawa ni watani. Huyu bibi akimtukana hivi mtu asiye wake, kesho mtamkuta mahakama ya mwanzo."

"Kwa hiyo matusi ndiyo ushahidi?"

"Ndiyo, ndugu."

Afisa akatafakari. Mtu wa haki yule, hakudanganyika kirahisi. "Na nitajuaje kama hawakupanga huko nje? Mtu yeyote anaweza kumlipa mtu amtukane."

Hapo nikapata pa kupigia nyundo. "Ndugu, mwambie akutukane wewe."

Afisa akaweka kalamu chini, akanyoosha tai. "Haya, bibi. Nitukane. Nakuruhusu, hutapata kesi."

Bibi yule, aliyekuwa amefura kama jogoo, nikamwona anapungua. Akavuta kanga yake begani, akaunganisha viganja, akainama kidogo.

"Hapana, baba," akasema kwa sauti ambayo mimi sijawahi kuisikia kwake. "Karibu Morogoro. Baridi ya huku umeizoea? Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, bibi. Nitukane tu."

"Nitakutukanaje, baba, na wewe mgeni wetu?"

"Huu mwaka wa tatu nipo hapa."

"Mungu akujalie, mgeni wetu. Utatuzoea."

Hakuna aliyecheka. Afisa alitazama dirishani, kule mlima ulikokuwa umefunikwa na ukungu. "Mwaka wa tatu," akasema, lakini si kwa mtu. Halafu akageuka. "Na huyu?"

"Huyu?" Bibi akafufuka. "Mwizi huyu! Siku ya mazishi ya mume wangu alivaa kofia ya marehemu, akakohoa kama yeye, akaigiza anavyonigombeza chumvi ikizidi, mimi mfiwa nikacheka na machozi yananitoka. Halafu akaingia kaburini, akalala chali. Akagoma kutoka mpaka tumpe jogoo. Jogoo wangu mweupe! Nipo nadai mpaka leo. Mgeni analala kwenye kaburi la watu, baba? Umewahi kuona?"

"Sijawahi," afisa akasema.

Akachukua kalamu, akaandika muda mrefu. Kisha akauliza, bila kutabasamu, "Na kuhusu milango, bibi, niandike nini?"

"Andika atauza."

Sijui aliandika nini. Najua aligonga muhuri, akatoa ufunguo kwenye droo, akaushika kidogo kabla ya kunipa. "Kodi kila mwisho wa mwezi," akaniambia. "Na ukipata nafasi, siku moja, nifundisheni nami hayo mambo." Nikamwambia utani haufundishwi, ndugu, unazaliwa nao. Akaitikia kwa kichwa. Nilipokuwa natoka nikaona nimemjibu vibaya mtu aliyenipa nyumba, nikarudi mlangoni nikamwambia Jumapili aje kwangu ale. Akaja kweli, na akala magimbi.

Tulihamia mvua bado zinapiga. Kitanda nilichokitengeneza kwa mabomba, kizito, cha kifahari, hakikupita mlangoni. Majirani wakanishauri nikiache uani. Mimi? Nikakikata miguu kwa msumeno wa chuma, nikakiingiza kimelala ubavu, nikakiunga upya humo humo ndani, mke wangu ameketi juu ya gunia la nyundo ananielekeza ninapopinda. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa juu ya kitanda hicho, mchana, wakunga wakilalamika kwamba ni kirefu mno kwenda juu.