Kitanda cha Joto cha Apio

Mwanangu, umeniambia kwamba kesho kutwa umeitwa kuwa jaji kwenye maonyesho ya wanafunzi wa uhandisi, na umenionyesha shati utakalovaa. Ni zuri. Sasa kaa kidogo nikusimulie mara yangu ya kwanza kufanya kazi hiyo, maana naikumbuka siku ile mpaka viatu vipya vilivyokuwa vikinibana.

Nilikuwa mhandisi kijana wa umeme, binti wa askari niliyelelewa kule Mbuya, kwenye kambi ya jeshi. Tulikuwa majaji watatu. Kiongozi wetu alikuwa Mzee Odongo, mhandisi mstaafu wa jeshi, mtu asiye na maneno mengi, ambaye alimsalimu kila mwanafunzi kwanza ndipo akatazama alichotengeneza. Wa pili alikuwa Madam Njeri, Mkenya mwenye duka la vifaa vya hospitali hapa Kampala. Mimi ndiye niliyekuwa mdogo kuliko wote, na siku nzima nilihangaika nisionekane mdogo.

Kulikuwa na mashine ya kumenya mihogo, kulikuwa na pampu ya maji ya kukanyaga kwa miguu, na vingine vingi. Lakini watu walijazana kwenye meza moja. Wanafunzi wawili, Apio na Ssali, walikuwa wametengeneza kitanda cha joto kwa ajili ya watoto wanaozaliwa kabla ya wakati. Ndani yake walikuwa wamemlaza mwanasesere juu ya kitambaa cheupe. Ukiingiza mkono, joto lilikuwa laini kama la mgongo wa mama. Waandaaji walikuwa wametangaza kwamba kazi itakayoshinda itapelekwa ikatumike, na kituo kimoja cha afya tayari kilikuwa kimekiomba kitanda kile.

Ssali alieleza vizuri sana. Moyoni nilikuwa nimeshampa ushindi. Ndipo Mzee Odongo akauliza, kwa Kiswahili chake cha jeshini, "Umeme ikikatika, halafu irudi?"

"Inaendelea tu, Mzee," Ssali akajibu.

"Basi tuzime, tuwashe, tuone." Akanyoosha mkono kwenye swichi.

"Mzee, usizime!"

Alikuwa Apio. Mpaka dakika hiyo hakuwa amefungua mdomo. "Hii kitu bado iko na shida," alisema. "Umeme ikirudi, joto inapanda tu, haisimami." Akainama chini ya meza, akatoa mwanasesere mwingine. Uso wake ulikuwa umeyeyuka upande mmoja. "Huyu ni wa jana."

"Apio! Si tulikubaliana?" Ssali alimwambia kwa sauti ya chini.

"Tulikubaliana tutatengeneza. Hatujatengeneza."

Watu waliokuwa wakiingiza mikono mle ndani kwa furaha waliirudisha mifukoni.

Tulipoingia chumba cha majaji, Madam Njeri ndiye aliyeanza. "Mimi nawauzia hospitali vifaa, najua hali ilivyo. Watoto wanakufa kwa baridi. Wapeni, watarekebisha wakifika huko."

"Huko atakuwa amelala mtoto wa mtu," Mzee Odongo akasema. "Kitanda hakipati. Pampu ndiyo ishinde." Akasimama kutoka.

Hapo nikasema. "Mzee, tukitaja washindi tu tukaenda zetu, ukumbi mzima utajifunza kwamba Apio angenyamaza angeshinda. Mwakani hakuna atakayetuambia ukweli."

Nilidhani atanifokea. Akakaa tena kitini.

"Sasa wewe unataka nini, binti yangu?"

"Watu waambiwe sababu, na wamsikie Apio akitajwa. Ukinituma nitasema mimi."

"Hapana," akasema. "Aliyewanyima ni mimi. Siwezi kukutuma wewe ukamtazame Ssali machoni kwa niaba yangu."

Maneno hayo, mwanangu, yamenifaa katika kazi zangu zote.

Alitangaza pampu, watu wakapiga makofi. Kisha hakushuka jukwaani. "Kitanda hakijashinda kwa sababu bado si salama," alisema. "Sisi majaji tulikuwa karibu kukipitisha. Aliyetuzuia ni Apio, aliyekitengeneza. Apio, simama watu wakuone." Msichana alisimama huku machozi yakimtoka. Makofi yalianza machache, kule nyuma, yakaenea polepole.

Lakini sitaki udhani mambo yalikuwa matamu. Ssali hakuwa ukumbini. Nilimkuta nje amekaa kwenye ngazi, akaniambia kwamba mama yake, kule Kisugu, alikuwa ameshaalika majirani waje kusherehekea. Mzee Odongo akaja, akakaa ngazi ile ile na suti yake nzuri. Hakumpa pole. Alimuuliza tu, "Hiyo swichi ya joto mliipata wapi?"

Ssali akasema waliitoa kwenye pasi ya zamani. Mzee akauliza jingine, naye akajibu, na baada ya muda alikuwa akichora kwa kidole kwenye vumbi. Apio alipotoka akasimama mbali kidogo, hajui kama anakaribishwa. Ssali hakumtazama, ila alisogea akamwachia nafasi.

Walikwenda kwa Mzee kila Jumamosi kwa miezi mingi. Wakati mwingine walizozana, wakati mwingine walianza upya. Madaktari walipokikagua kitanda na kukikubali, Apio aliniita kwenye kile kituo cha afya nikashuhudie. Alikizima na kukiwasha mbele ya muuguzi, mara nyingi kuliko alivyoombwa. Joto lilipanda, likafika mahali pake, likatulia. Ndipo muuguzi akamleta mtoto wa kike, mdogo mno, akamlaza ndani. Ssali aligeuka akatazama ukutani, akijifanya anakagua waya.

Basi, mwanangu, kesho kutwa utasimama mbele ya meza za watoto wa watu. Usiogope kuuliza swali ambalo siku moja litaulizwa na shida yenyewe, hata kama linaharibu shangwe. Kazi ikiwa haijafaa, usiipitishe kwa kumhurumia aliyeifanya, maana atakayeitumia hayupo hapo kujitetea. Lakini mwanafunzi akikuonyesha mwenyewe kasoro ya kazi yake, usimwache aondoke akijuta kusema. Mheshimu mbele ya wote. Na ukishamnyima mtu, mwendee wewe mwenyewe, ukae naye, umuulize anaanzia wapi tena.

Mungu akupe macho ya kuona kilicho pungufu na ulimi usiomvunja mtu. Akujalie uwe jaji ambaye vijana wakimwona anakaribia meza yao, wanapata nguvu ya kusema kweli.