Nyungu ya Mama ku Kilwa

Nilitoka Kasenga juu ya neno moja la yaya, dada yangu mukubwa. Alikuwa mugonjwa. "Enda utafute kaburi ya mama mbele nife." Mama alizikwa ku kisiwa cha Kilwa, kile cha mu ziwa letu, si cha pwani, zamani, mbele serikali ihamishe watu wote juu ya ugonjwa wa usingizi. Mimi nilikuwa mutoto wa mugongoni. Sasa tulisikia muzungu mumoja anachimba kijiji chetu cha zamani kule kisiwani, anatafuta watu wa kujitolea.

Siku ya kwanza boti la samaki lilinifikisha Nchelenge, ku ukingo wa ziwa. Mwenyeji wangu Chola, muvuvi, alinicheka. "Kuchimba bure? Kweli uko na wazimu."

"Wanakata pori lililofunika makaburi," nikamujibu. "Peke yangu sitaliweza."

Kwetu, juu ya kaburi ya mwanamuke tunaweka nyungu yake, tunaitoboa chini mwizi asiitamani. Mama alikuwa mufinyanzi. Alama yake ni kucha tatu alizokandamiza ku mudomo wa nyungu. Yaya anapikia moja hata leo.

Asubuhi Chola alinivusha kwa mutumbwi. Kilwa nilikuta watu wa kujitolea wanachimba kwa bidii, na karani wa muzungu akatazama magoti yangu, akanipa beseni. "Wewe muzee, osha." Nilifurahi: kila nyungu itapita mukononi mwangu. Ujinga wangu ndio ule.

Siku ya tatu, saa nne, nilikuwa naosha nyungu moja, kidole kikapita mu tundu la chini. Nikageuza mudomo. Kucha tatu. Nililia mbele ya watu.

"Hii imetoka shimo gani?"

Wachimbaji walikuwa wanashindana nani ataleta nyingi, wakazimwaga zote pamoja.

"Mashimo ni saba," karani akasema. "Kila moja na udongo wake, mwekundu, mweusi. Udongo ule ungetuonyesha shimo. Lakini umeshauosha."

"Ni ya mama yangu. Nipe."

"Muzungu anasema ni ya watu wa zamani sana." Akaandika namba kwa wino juu ya zile kucha, akaitia mu sanduku.

Nilirudi Nchelenge siku ileile. Chola alinipikia samaki, sikula. Muzungu nilimuchukia, karani pia, lakini mikono yangu zaidi. Nilijifunza hivi: mutu akija kukukatia pori, muulize kwanza anataka kubeba nini.

Kasenga, yaya alijiinua ku kitanda. "Umemukuta mama?"

"Nimemukuta."

"Amelala wapi?"

Nilimuambia nilimuosha vizuri sana, mupaka udongo wote ukatoka.