Magunia Sita na Kilo Tisa za Furu

Nilimaliza kidato cha nne na F ya hesabu, F iliyonona, na chuo cha uuguzi nilichokitaka hakipokei F. Nikajiandikisha kurudia mtihani. Baba alishasema nikianguka tena naenda Buhongwa kwa shangazi kujifunza cherehani. Cherehani naiheshimu, lakini mimi nilikuwa naota sare nyeupe.

Kila jioni nilikwenda tuisheni Mabatini, na kila jioni nilirudi Ilemela na kosa lilelile limezungushiwa wino mwekundu. Mwalimu aliandika 6x + 9, akapiga mstari, chini yake akaweka 3. Mimi nilikata 9 kwa 3, nikaandika 6x + 3, nikaridhika kabisa. Alinieleza mpaka sauti ikamkauka.

Jumamosi moja nilikaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba, daftari magotini, mama akianika dagaa pembeni. Akauliza nimenuna nini.

"Mama, wewe hutaelewa," nikamjibu. Mpaka leo naionea aibu sauti ile.

"Nieleze kwa dagaa, basi."

Nikaona bora nimalize ubishi. "Haya. x ni kilo za gunia moja la dagaa, hatujalipima. Juu kuna magunia sita ya namna hiyo na kilo tisa za furu. Chini ni watu watatu wanaogawana."

Mama na wenzake wawili hununua mzigo pamoja, na desturi yao haina mjadala: kila aina hugawanywa kwa wote, dagaa na hata furu, visamaki vya miba visivyo na wapenzi. Akaweka kidole chenye magamba juu ya jibu langu.

"Sasa mwanangu, mbona furu umewagawia, magunia umeyaacha palepale? Wenzangu si watanipiga?"

Nikatazama. Magunia mawili mawili, kilo tatu tatu. 2x + 3. Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema. Mimi nilikuwa nimeambiwa mwaka mzima. Nilicheka mpaka machozi, kisha nikamwomba mama msamaha.

Kwenye mtihani swali lilikuja, refu kuliko lile. Nikagawa taratibu, aina moja baada ya nyingine.

Matokeo yalipotoka nilikimbia nyuma ya nyumba nikipiga kelele kwamba nimepata C. Mama hakuuliza C ni kitu gani. Aliinua kichwa kutoka kwenye dagaa wake.

"Uliwagawia wote?"

"Wote, mama."