Nyumba Isiyopakwa Chokaa

Argiro alipata nafasi ya mafunzo kazini kwenye ile kampuni ya mabasi yasiyo na dereva mwaka uleule aliomaliza chuo, na mtaa mzima ukajua kabla hajavua viatu. Shangazi yake Evdokia, aliyemlea, ndiye aliyesambaza habari. Mtaa wetu hapa mjini Volos ni wa wakimbizi wa zamani: nyumba fupifupi zimebanana, milango inafungukia barabarani, na hospitali iko huko upande wa pili wa mji. Kwa hiyo waliposikia kwamba kibasi cha kujiendesha kitapita milangoni mwao mpaka hospitali, na kwamba Argiro ndiye anayekitengeneza, wazee wakaanza kumsalimia yeye kwanza.

Kusema anakitengeneza ilikuwa kumkuza kidogo. Kazi yake ilikuwa ramani. Basi la namna ile haliendi kwa kutazama tu kama sisi. Linafuata ramani iliyomo ndani yake, iliyopimwa hadi upana wa kidole. Barabara ikibadilika ramani inazeeka, na watu wa ofisini walikuwa wamechoka kuirekebisha kwa mkono. Argiro akaandika programu. Gari la vipimo likishapita na miale yake ya kupimia barabara, programu inalinganisha barabara ya zamani na ya sasa, kisha inachora upya yenyewe, mtu hagusi kitu. Bosi wake, Likurgos, alifurahi mno.

"Ikituvusha safari ya majaribio, Jumanne baada ya Pasaka, hicho kiti ulichokalia ni chako," alimwambia. "Isipotuvusha, tutaagana vizuri tu."

Gari la vipimo lilipita mtaani Jumatano ya Juma Kuu. Kesho yake asubuhi Argiro akafungua ramani mpya, akabaki kuitazama mpaka barafu ikayeyuka yote kwenye kahawa yake.

Kila inapokaribia Pasaka wanawake wa mtaa hupaka chokaa mbele ya nyumba zao: ukingo wa barabara, vibaraza, hata mashina ya miti. Kila mmoja na mkono wake. Evdokia huvuta mstari ulionyooka kama wa rula. Jirani yake humwaga tu, Mungu atajua. Basi programu ilipoona weupe ule mpya, ikauchukua kuwa ndio mwisho wa barabara. Hilo lingevumilika. Lakini katikati ya mtaa weupe ulikatika, upana wa nyumba moja, kisha ukaendelea. Na programu ilikuwa imefundishwa kwamba ukingo unapokatika namna hiyo, hapo ni pa basi kuingia na kusimama. Ikachora njia iliyokunja kulia na kuishia juu ya kibaraza cha mama Polikseni.

Argiro hakuhitaji kuuliza kwa nini pale hapakuwa na chokaa. Mzee Apostolis, mume wa Polikseni, alizikwa katikati ya Kwaresima. Nyumba yenye msiba haipaki chokaa Pasaka hiyo, wala haichovyi mayai rangi nyekundu. Desturi hiyo Argiro amekua nayo. Ila akiwa ofisini, barabara ilikuwa barabara tu, haikuwa na wenyewe. Sasa akilini alimwona mama yule alivyozoea kukaa pale kibarazani jioni, miguu ameinyoosha mpaka njiani.

Wazo la kwanza lililomjia halikuwa zuri. Mchana alipita nyumbani, akachukua ndoo ya shangazi na brashi, akaenda.

"Za mchana, mama."

"Nzuri, injinia wetu. Ndoo ya nini? Evdokia amekuadhibu?"

"Nilitaka nikupakie mstari mmoja tu hapa ukingoni. Mwembamba."

Polikseni akaacha kuchambua dengu. "Apostolis hajafikisha hata arobaini."

"Najua, mama. Ni kwa ajili ya basi. Bila mstari, basi litadhani..."

"Basi litadhani!" Akacheka kidogo, kicheko kikamfia mdomoni. "Mwanangu, watu ndio watakaodhani. Watasema mzee wa watu hajapoa kaburini, mkewe keshaanza kupamba nyumba. Irudishe hiyo ndoo."

Evdokia alikuwa ameyaona yote dirishani. "We mtoto una wazimu?" akamrukia mlangoni. "Unakwenda na chokaa nyumba ya msiba! Kesho utakwenda na zumari?"

Ijumaa Kuu ofisi ilikuwa karibu tupu. Likurgos alikuwa anakusanya vitu vyake aondoke.

"Kwa hiyo nyumba moja haikupakwa chokaa," alisema baada ya kumsikiliza. "Rekebisha hapo kwa mkono, uende zako kanisani."

"Hapo naweza, kwa sababu namjua mwenyewe. Kwingine je? Siwezi kuifundisha programu nani kafiwa."

"Basi lina macho, Argiro. Likiona mtu litasimama."

"Kibaraza hakizidi kiganja changu kwenda juu. Ramani inaliambia hiyo ni njia. Litapanda kwanza, ndipo lifikiri."

Likurgos akajipangusa uso kwa mikono miwili. Hakuwa mtu mbaya. "Sikiliza. Ukiiondoa hiyo programu hatuna ramani mpya, kwa mkono hatutawahi Jumanne, na kwa ile ya zamani wakaguzi wa usalama barabarani hawataturuhusu kupita vichochoroni. Njia ya kwanza kufutwa ni ya mtaani kwenu. Na wewe mwenyewe unajua nilichokuahidi." Akachukua koti. "Fikiri. Ila fikiri haraka, mchinjaji anafunga duka na sijachukua mwanakondoo wangu."

Alipobaki peke yake, Argiro alirekebisha mbele ya kibaraza cha Polikseni kwa mkono. Njia ikanyooka, ramani ikapendeza. Angeweza kuzima mashine akaondoka. Badala yake akaifuata njia ya basi mbele, mtaa baada ya mtaa, na karibu na soko akaona weupe umekatika tena, na mle ndani basi limechorewa mahali pa kusimama. Nyumba ile hakuijua. Labda wamefiwa. Labda chokaa iliwaishia, labda ni wavivu tu. Alikaa akiitazama, akitafuta namna ya kujua, na namna haikuwepo. Akaiondoa programu, akamwandikia Likurgos kwamba ameiondoa na sababu yake.

Jumanne, kwa ramani ya zamani, basi lilikwenda na kurudi kwenye barabara pana ya stesheni tu, watu wa manispaa wakapiga makofi. Argiro hakuwemo. Mafunzo yake yaliishia pamoja na mwezi, na waliagana vizuri, kama alivyoambiwa. Evdokia alipopata habari akamwambia, "Ungenyamaza tu. Nani alikuuliza?"

Jioni moja alikuwa anapita, mama Polikseni akamwita kutoka kibarazani.

"Argiro, basi la hospitali linaanza lini? Mguu huu haunifikishi tena hata kituoni."

Argiro alisimama.

"Bado, mama. Hawajasema."

"Si wewe unalitengeneza?"

"Nilikuwa nalitengeneza."

Polikseni alimtazama usoni, kisha akaangalia mguu wake uliovimba. "Haya, ukiwaona waambie wafanye haraka," alisema, akajisogeza kumpa nafasi. Argiro akakaa kando yake, akaushika ule mguu, akaanza kuukanda.