Mshairi Asiye na Mahali

Kazi yangu ya kwanza niliianza Jumamosi moja ya likizo, saa nane mchana, katika kibanda cha video kule Katwe, Kampala. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilikuwa viijei. Kwa ninyi mtakaofuata kazi hii: viijei hukaa pembeni ya skrini na maiki, akapunguza sauti ya filamu, akawasemea wahusika kwa lugha ya watazamaji. Wenzangu wote walitafsiri kwa Luganda. Mimi, Muganda mtoto wa askari, nilichukuliwa kwa sababu ya Kiswahili cha kota za polisi, Nsambya.

Meneja, Mnubi mwenye Kiswahili safi, alinipa masharti kabla sijakaa.

"Leo tunajaribu Kiswahili kwa ajili ya hawa wamama Wakongo waliokimbilia huku. Wakitoka kabla filamu haijaisha, Kiswahili kimekufa, na wewe unarudi kwa mama. Umesikia, nyabo?"

Nilisikia, hata kejeli ya hilo nyabo, yaani bibi kwa Luganda. Niliitaka sana kazi ile. Darasani sikuwahi kunyoosha mkono, lakini mle gizani hakuna ambaye angeniona nikiona haya.

Filamu ilikuwa ya zama za magauni marefu na farasi: mshairi maskini anampenda binti wa jirani. Nilikwenda vizuri hadi mama wa binti alipokataa posa. Nilitaka kusema kijana hana mahari. Lakini sisi Waganda, r na l hutuchezea mdomoni. Nikatangaza, kwa sauti ya mama mkali:

"Mwanangu, huyu hana mahali!"

Meneja akaninong'oneza, "Mahari, wewe! Mahari!"

Kabla sijasahihisha, muuza vitenge wa safu ya mbele, Mama Neema, akageuka.

"Muache mtoto, baba. Hana mahali, ndiyo. Sisi hapa, nani iko na mahali?"

Wakacheka wote. Mmoja akajifuta macho na ncha ya kitenge. "Na bado anaandika mashairi, mupumbavu huyu. Mumuozeshe tu!"

Basi sikusahihisha. Mshairi alipohama chumba cha kupanga, wamama waliguna. Alipougua, walimwambia binti amfuate, kana kwamba anasikia.

Mwishoni mshairi alikufa. Binti akabaki chumbani na karatasi za marehemu, muda mrefu, bila neno. Meneja akaja mbio.

"Sema kitu! Viijei akinyamaza, watu wanadhani umeme umepotea!"

Ni kweli, viijei hodari hujaza kimya kwa mzaha, na mzaha nilikuwa nao. Nikamtazama Mama Neema: ameshika mkono wa jirani yake, mabega yanatikisika. Nikaweka maiki mapajani, nikamtikisia Meneja kichwa kukataa. Sikujua nimepata wapi ujasiri huo.

Hakutoka mtu. Walikaa mpaka majina yote ya waigizaji yakaisha kupita.

"Jumamosi ijayo, saa nane," Meneja akasema bila kunitazama. "Usichelewe."

Nilitumikia likizo tatu, ya mwisho katika kibanda kingine cha Meneja, kule Bwaise, kisha nikastaafu kwa ajili ya mitihani. Ufundi niliofundishwa baadaye, wa kubadili sauti na kutania, umeshaanza kunitoka. Ule wa kuwaacha watu walie kwa raha zao bado ninao.