Barua Isiyofika Kwenye Kidonda

Zamani mtu mwenye shida kwa mkubwa alianza barua yake kwa kumjulia hali, akazunguka taratibu mpaka akaifikia shida yenyewe, lakini siku hizi ukichelewa kuitaja shida hadi mstari wa tatu unahesabiwa kuwa hujui kuandika. Ndivyo alivyoona Katibu, mzee aliyekaa miaka thelathini na minane kwenye kibaraza cha posta na taipureta yake, akiwaandikia watu barua za kwenda maofisini.

Hakuwa katibu wa mtu yeyote. Jina walimpa wateja, likamganda. Shule aliiachia darasa la nne. Kiingereza alikiokota kwenye kamusi isiyo na jalada na kwenye barua za serikali zilizotupwa, akikariri sentensi nzima nzima huku akitembea. Wajane waliodhulumiwa viwanja, makarani waliofukuzwa kazi, wote walipitia kwenye meza yake, na kila mmoja alimwacha aseme yote. Mtu akikupa habari yake ukaikata, alizoea kusema, umemkata ulimi. Sasa mle ndani ya posta wanauza simu, na pale kibarazani wameweka jokofu la soda.

Kwa hiyo binti yake, muuguzi wa wodi ya upasuaji aliyerudi nyumbani na mtoto baada ya ndoa kuvunjika, alipomweleza kwamba amepata kazi hospitali ya ng'ambo, ila kwanza afaulu mtihani wa Kiingereza, na kwamba sehemu ya kuandika ni barua, mzee alicheka mpaka akakohoa. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta; huyu wake angeshindwaje na barua? Mtahiniwa hupewa kurasa mbili za maelezo ya mgonjwa na dakika arobaini na tano, amwandikie mhudumu mwingine atakayempokea mgonjwa huyo. Maneno mia mbili tu. Mzee alidhani hayo mia mbili ni ya salamu.

Kila binti alipotoka zamu walikaa kwenye meza ya kulia, na mzee akamfundisha kama alivyojifundisha mwenyewe: kwanza salamu, kisha kuisifu hospitali, kisha mgonjwa kazaliwa wapi, kafanya kazi gani, kafiwa na nani, ndipo ugonjwa, ndipo ombi, ndipo shukrani mbili. Binti alifuata, kwani katika nyumba ile neno la baba halikurudishwa. Akafeli. Kusikiliza, kusoma na kuzungumza alipata vizuri, kuandika kukamwangusha. Mzee akasema wamemwonea, akaongeza shukrani ya tatu. Akafeli tena.

Hapo hospitali ya ng'ambo ikamjulisha kwamba nafasi yake itamngoja mpaka mwisho wa mwezi wa tisa, halafu atapewa mwingine. Kabla ya tarehe hiyo ulibaki mtihani mmoja.

Bila kumwambia baba yake, binti akaenda kwa mwalimu wa masomo ya ziada, kijana aliyekodi chumba juu ya duka la miwani. Mzee aligundua siku alipokuta barua ya mazoezi mezani, imekatwakatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni imeandikwa "haihitajiki" mara saba. Kilichokatwa ni kile kile alichofundisha yeye. Akamuuliza binti yake ni nani huyo aliyeichora barua ya watu kama ukuta wa choo.

Binti hakuinua sauti. Alikuwa bado na sare, viatu amevua, miguu imevimba.

"Baba, naomba usinifundishe tena," alisema. "Nikifeli mara hii sina pengine pa kwenda. Wodini tuko wawili kwa wagonjwa arobaini. Nimechoka, baba."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekufelisha."

Binti aliivuta ile barua ya mazoezi, akaikunja, na mzee, aliyeishi kwa kusikiliza watu, hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Kesho yake alivaa koti akapanda ngazi za duka la miwani kwenda kugombana. Mwalimu alimpokea kwa heshima zote, akamvutia kiti, na hilo likamuudhi zaidi, maana huwezi kumtukana mtu aliyekwisha kukuvutia kiti. Mzee akamwambia kwamba yeye alikuwa akiandika barua kabla baba wa mwalimu hajaota meno, na barua zake zimewarudisha watu kazini. Mwalimu akasema hana ubishi, ila angependa kujifunza. Akamwekea mbele karatasi ya mtihani: mgonjwa ni dereva wa treni mstaafu mwenye kidonda mguuni, barua iende kwa muuguzi atakayembadilishia bandeji nyumbani. Akamwomba aonyeshe.

Mzee akavua koti. Wanafunzi watatu, nao wauguzi, waliacha kazi zao wakamtazama. Kalamu ilikwenda kama cherehani. Alimwamkia yule muuguzi, akamsifu kwa wito wake, akaeleza reli aliyoitumikia dereva, mke aliyemfia, hata upasuaji wa koo aliofanyiwa utotoni. Yote yalikuwa kwenye maelezo. Hakubuni hata moja. Dakika zilipokwisha alikuwa karatasi ya nne.

Mwalimu alisoma mpaka mwisho bila kuruka. "Mzee wangu, Kiingereza chako kinapita changu," alisema. "Lakini kidonda kiko wapi?"

"Kinakuja."

Mwanafunzi mmoja aliinamia daftari, mabega yakimtikisika. Mwalimu hakucheka. Alisema tu, kwa sauti ya chini, kwamba muuguzi huyo ana nyumba kumi na mbili za kuzunguka siku hiyo, na kwa barua hii atabisha hodi bila kujua bandeji inabadilishwa lini.

Mzee alitaka kumjibu kwamba mgonjwa si kidonda. Hoja alikuwa nayo, na mpaka leo anayo. Lakini alikumbuka miguu ya binti yake, akaona kwamba hoja hiyo, hata iwe ya kweli vipi, haitamfaulisha mtu. Akavaa koti, mkono mmoja ukakataa kuingia, akashuka hivyo hivyo.

Wiki tatu zilizobaki hakugusa karatasi ya binti yake. Alikaa chumba cha pili akisikia kalamu inavyokata mistari, akitafuna shavu lake kwa ndani. Mara moja tu alishindwa, akauliza kupitia mlangoni kama mgonjwa wa leo ana watoto.

"Haihitajiki, baba," alijibiwa. Hakikuwa kiburi, alikuwa akikimbizana na saa.

Akafaulu. Mzee alimpongeza, na kweli alifurahi, kama mtu anavyofurahi jirani akijenga kwa matofali ya nyumba yake yeye iliyobomolewa.

Mwezi wa kumi aliwasindikiza uwanja wa ndege, binti na mjukuu wa miaka mitatu. Maneno ya kuagana alikuwa ameyapanga kichwani siku nne, yaanzie siku binti alipozaliwa. Akaanza. Alikuwa ndiyo kwanza amefika kwenye mvua ya siku ile foleni iliposogea, na askari wa mlangoni akaomba pasi.

"Dawa ya presha usiache, baba," binti alisema. "Tukifika nitapiga."

Yalitosha, na hilo ndilo lililomuuma. Mjukuu alikuwa amelala begani kwa mama yake, mdomo wazi, kiatu kimoja kimemtoka. Mzee alikiokota, akamvalisha, akakifunga. Wakapita mlango wa vioo, wakakata kushoto, na tangu hapo hajawaona.